Mwanangu ana tatizo la moyo na meno yameoza: nusu kaputi haitamuua?

BARUA

Wapendwa madaktari wa safu hii, shikamooni.

Naishi Morogoro, na kitinda mimba wangu ana miaka 5 na kilo 14. Alizaliwa na tatizo la moyo ambalo kwenye kadi yake limeandikwa tetralojia ya Fallot. Bado hajapasuliwa, yuko kwenye orodha ya kusubiri pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Anatumia propranololi mara tatu kwa siku. Akikimbizana na wenzake kidogo tu anachuchumaa, na akilia sana midomo na kucha zinageuka bluu.

Sasa kilio changu ni meno. Meno manne ya mbele juu yameoza hadi yamebaki visiki, na magego mawili ya chini yana matundu makubwa. Kwenye gego la kulia kuna kijipu cha fizi kinachovimba, kinapasuka chenyewe, usaha unatoka, halafu kinarudi. Kikivimba nanunua amoksisilini duka la dawa, nampa siku tatu mpaka kinywee, kisha naacha. Bibi yake humpaka mafuta ya karafuu.

Nilimpeleka hospitali ya wilaya, daktari wa meno aliposikia habari ya moyo akakataa kumgusa. Hospitali ya mkoa wakasema meno yote sita yang'olewe kwa nusu kaputi kabla ya upasuaji wa moyo, na ifanyike Dar. Hapo ndipo nyumba ikagawanyika. Wifi yangu anasema moyo kama ule ukilazwa kwa nusu kaputi hauamki. Bibi anasema hayo ni meno ya utoto, yataanguka yenyewe. Jirani anasema kikohozi chake na kudumaa ni kimeo, kikatwe. Mimi najiuliza kwa nini yasizibwe, au yang'olewe moja moja kwa ganzi. Nisaidieni, baba yake anasubiri jibu langu ili aandae nauli.

Mama mwenye mashaka, Morogoro

JIBU

Marahaba mama, na pole sana. Tuanze na lile la wifi, maana ndilo linalokukwamisha.

Ni kweli kwamba nusu kaputi kwa mtoto mwenye moyo kama wa mwanao ina hatari kubwa kuliko kwa mtoto mwenye moyo mzima. Atakayekuambia haina shida yoyote anakudanganya. Lakini hatari hiyo inajulikana inatokea wapi na dakika gani, na wapo watu waliosomea kukabiliana nayo. Usaha uliojificha chini ya gego hauna ratiba. Ukituuliza kipi kinatutisha zaidi kwa mtoto huyu, tutajibu bila kusita: kile kijipu.

Vinywani mwetu sote wanaishi bakteria wa jamii ya streptokoka. Jino likioza hadi kwenye kiini, bakteria hao wanapata mlango wa kuingia kwenye damu kila mtoto anapotafuna, si siku ya kung'oa tu. Ndani ya moyo wa tetralojia, yaani wenye tundu kati ya vyumba vyake na njia nyembamba ya damu kwenda kwenye mapafu, damu inapita kwa kasi mahali pembamba na kuuchubua utando wa ndani. Bakteria wakishika hapo wanajenga makazi, na huo ndio ugonjwa wa endokaditisi. Unakula vali, yaani milango ya moyo, unamegua vipande vinavyosafiri na damu, na tiba yake ni antibayotiki za mshipani kwa wiki 4 hadi 6, wakati mwingine na upasuaji. Kwa mtoto anayegeuka bluu kuna la ziada. Sehemu ya damu yake haipiti kwenye mapafu, ambayo kwa mtu mwingine hufanya kazi ya chujio, kwa hiyo bakteria wanaweza kwenda moja kwa moja kichwani na kutunga jipu la ubongo.

Kwa hiyo jambo la kwanza, leo hii: acha amoksisilini za siku tatu. Tunajua unatafuta nafuu ya mtoto, ila dawa inapunguza uvimbe huku chanzo kikibaki ndani ya mzizi. Bakteria wanaobaki ni wale walioizoea, na ndio watakaokuwa kinywani siku ya upasuaji, siku ambayo dawa hiyo hiyo inatakiwa ifanye kazi. Kama alikunywa amoksisilini siku chache zilizopita, mwambie daktari tarehe ya dozi ya mwisho. Kama hakuna dharura husubiriwa angalau siku 10, la sivyo huchaguliwa dawa ya kundi jingine. Mafuta ya karafuu nayo yaacheni, yanaunguza fizi na hayafiki kwenye usaha. Lakini shavu likivimba, au apate homa, au ashindwe kufungua mdomo, usisubiri Dar wala tarehe. Nenda hospitali ya mkoa siku hiyo hiyo.

Bibi ana haki kwa meno ya mbele, hayo huanguka kwenye miaka 6 hadi 8. Magego ya utoto ndiyo yanayomwangusha, kwa sababu hung'oka yenyewe kati ya miaka 9 na 12. Huwezi kukaa na usaha miaka minne au zaidi, na madaktari wa moyo nao hawatataka kumfungua kifua mtoto mwenye usaha kinywani. Hutaka meno yamalizwe mapema na vidonda vya fizi viwe vimepona, kwa kawaida wiki 2 au zaidi kabla.

Kuziba? Tundu dogo linazibwa, au jino linavalishwa kofia ya chuma, na linadumu vizuri. Ila kiini kikishaoza, tiba ya kiini cha jino la utoto huacha mabaki ya bakteria kwenye mizizi, na hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba hayataamka. Kwa mtoto mwenye moyo wa kawaida tunajaribu. Kwa mwanao jino lenye usaha linang'olewa, na jino lenye shaka nalo linang'olewa, kwa sababu nusu kaputi ya pili mwaka ujao ni gharama kubwa kwa moyo wake kuliko pengo. Unaposaini fomu ya ridhaa, hakikisha imeandikwa pia kwamba picha ya eksirei ikionyesha jino jingine bovu, lishughulikiwe hapo hapo. Pengo la magego linaweza kufanya meno ya ukubwani yabanane. Hilo linarekebishika baadaye, moyo ukishatengenezwa.

Na ganzi? Angekuwa na jino moja linalolegea na ni mtoto mtulivu, ganzi ingetosha, katika hospitali yenye huduma ya moyo. Sita ni habari nyingine. Kiwango cha juu cha lidokaini kwa mtoto ni takriban miligramu 4.4 kwa kila kilo, yaani miligramu 61 hivi kwa kilo zake 14. Kichupa kimoja cha mililita 1.8 cha asilimia 2 kina miligramu 36, kwa hiyo vichupa viwili kamili tu tayari vinavuka kiwango hicho. Ungelazimika kumrudisha mara mbili au tatu, kila mara na antibayotiki na bakteria wapya kwenye damu. Zaidi ya hayo ni kile kilio. Akilia kwa hofu, njia ya damu kwenda kwenye mapafu inabana, damu isiyo na oksijeni inakimbilia mwilini, naye anageuka bluu na kulegea. Daktari wa wilaya alipokataa kumgusa alikulinda wewe na mtoto, ingawa angepaswa kukuandikia rufaa palepale. Likimtokea hilo nyumbani, mbebe, mkunje magoti yaguse kifua, mtulize kwa sauti ya chini, na kama hatulii haraka mkimbize hospitali. Kuchuchumaa kwake kunafanya kazi hiyo hiyo: kunabana mishipa ya miguu na kuisukuma damu ipite kwenye mapafu.

Hospitali ya mkoa wamekuelekeza vizuri. Taasisi ya Moyo, iliyoanza kujitegemea mwaka 2015, iko ndani ya eneo la Muhimbili, Upanga, na chuo cha madaktari wa meno kiko eneo hilo hilo. Usiende kwanza kwa meno. Nenda kliniki ya moyo anakoandikishwa, omba barua inayotaja aina ya ugonjwa, kipimo cha eko (picha ya moyo) cha karibuni, dawa anazotumia na kiwango chake cha kawaida cha oksijeni. Namba hiyo ya oksijeni ni muhimu mno. Kama kawaida yake ni asilimia 80, anayemlaza akiona 80 hatahangaika, na asipojua anaweza kuongeza dawa pasipohitajika. Omba madaktari wa moyo, usingizi na meno wakubaliane tarehe moja, na uliza wazi: atakayemlaza amezoea watoto wa moyo? Kuna kitanda cha uangalizi wa karibu baada ya upasuaji? Jibu la maswali hayo likiwa hapana, tarehe isogezwe au mahali pabadilishwe.

Vipimo vya damu vitakavyochukuliwa ni picha kamili ya damu, kuganda kwa damu na kundi la damu. Hapa kuna mtego. Mtoto wa bluu hutengeneza damu nyingi nyekundu ili kufidia oksijeni. Himoglobini ya 12, ambayo kwa mtoto mwingine ni nzuri, kwake inaweza kumaanisha amepungukiwa na madini ya chuma, na huenda akahitaji kuongezewa chuma kabla. Ikizidi mno damu inakuwa nzito na kuganda ovyo, hasa akikaukiwa na maji. Papo hapo chembe sahani zake, zile zinazosaidia damu kuganda, zinaweza kuwa chache au dhaifu, kwa hiyo vidonda vya meno huchuruzika damu muda mrefu. Mtoto wa kilo 14 ana damu ya takriban lita moja tu. Ndiyo maana kila shimo hushonwa na kuwekewa sponji ya kuzuia damu, hata kama linaonekana kavu.

Kama ana mafua, kikohozi kipya au homa wiki ile, piga simu useme, wala usimfichie ili usipoteze nafasi. Njia ya hewa yenye mafua inabana mtoto akilazwa, oksijeni inashuka, na kwake haina mahali pa kushukia. Kuahirisha wiki 2 hadi 4 ni jambo la kawaida.

Mfunge tumbo kwa saa, si kwa hofu. Kosa linalorudiwa sana ni mama kuambiwa "asile kuanzia usiku", akamnyima hata maji, mtoto akaitwa saa sita mchana akiwa mkavu na damu imekuwa nzito. Omba awe wa kwanza kwenye orodha. Kama ni saa 2 asubuhi, chakula cha mwisho, pamoja na uji na maziwa, kiwe kabla ya saa 8 usiku. Maji, maji ya glukosi au chai ya rangi anaweza kunywa hadi saa 12 asubuhi, isipokuwa waliomwandalia wamekupa saa tofauti. Ratiba ikisogea, mwambie muuguzi mapema ili awekewe dripu. Kwa sababu hiyo usisafiri kutoka Morogoro alfajiri ya siku yenyewe, fika jana yake. Propranololi ya asubuhi kwa kawaida hapewi ruhusa ya kuiruka: anaimeza kwa maji kidogo, ila thibitisha na daktari wa usingizi.

Kinga ya antibayotiki ni dozi moja tu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kung'oa: amoksisilini miligramu 50 kwa kila kilo, isiyozidi gramu 2. Kwake ni miligramu 700. Kwa kuwa amefunga tumbo, mara nyingi hupewa ampisilini ya kiwango hicho hicho mshipani anapolazwa. Mwenye mzio wa penisilini anaweza kupewa azithromaisini miligramu 15 kwa kilo. Dozi ikisahaulika inaweza kutolewa hadi saa 2 baada ya kung'oa. Zaidi ya dozi hiyo hakuna haja ya kumrundikia vidonge vya wiki nzima, isipokuwa kama kulikuwa na maambukizi yanayotibiwa.

Wazazi wengine mnaosoma, msinakili haya yote. Mtoto mwenye tundu dogo la moyo lisilopasuliwa na asiyegeuka bluu kwa kawaida hahitaji kinga hiyo. Wanaoihitaji ni wenye vali bandia, waliowahi kuugua endokaditisi, watoto wa bluu wasiotengenezwa, waliowekewa kiraka au kifaa ndani ya miezi 6 iliyopita, na wale ambao kiraka kinavuja. Anayechomwa penisilini ya kila mwezi kwa ajili ya moyo wa baridi yabisi, daktari akiamua kumpa kinga, apewe ya kundi jingine. Na mwenye mpira uliounganishwa kupeleka damu kwenye mapafu asisimamishiwe aspirini na mtu yeyote ila daktari wa moyo, maana mpira ule ukiganda mtoto anaweza kufa siku hiyo. Wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, vilevile haiachwi kiholela. Hupimwa INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, ndani ya saa 24 kabla ya kung'oa.

Ndani ya chumba cha upasuaji, kwanza atapewa dawa ya kunywa ya kumtuliza, kwa sababu kulia ndiko tunakokuogopa zaidi. Wengi humlaza kwa ketamini, inayotunza presha. Dawa zinazoshusha presha ghafla huifanya damu ya bluu ikimbilie mwilini badala ya mapafuni. Utamwona muuguzi ameinua mrija wa dripu kwenye mwanga, anaugongagonga kwa kucha na kufukuza kila kiputo cha hewa. Usidhani anapoteza muda. Kwa mtu mwingine kiputo kidogo hunaswa kwenye mapafu, kwa mwanao kinaweza kupita hadi kwenye ubongo. Mpira wa kupumulia mara nyingi hupitishwa puani ili kinywa kibaki wazi, na kitambaa huwekwa kooni kuzuia damu na vipande vya meno. Kitambaa hicho lazima kihesabiwe na kuandikwa kinapoingia na kinapotoka, maana kikisahauliwa kinaziba pumzi. Una haki ya kuuliza kama kimetolewa.

Baadaye tarajia alale hospitali angalau usiku mmoja. Ataumia, na maumivu nayo humliza, kwa hiyo apewe parasetamoli kwa saa, si mpaka alie: miligramu 15 kwa kilo, kwake 210, kila baada ya saa 6, zisizidi dozi 4 kwa siku. Soma chupa, dawa ya miligramu 120 kwa mililita 5 ni mililita 8.5 hivi kwake. Ibuprofeni aiache, inaharibu zaidi chembe sahani, na kwa watoto wenye moyo ulioshindwa kazi inazuia maji na kuumiza figo. Asisukutue wala asinyonye kwa mrija saa 24 za kwanza. Uji uliopoa, mtindi, ndizi iliyopondwa, na maji mengi. Damu ikichuruzika, kunja kitambaa safi, aume dakika 20 mfululizo bila kuchungulia. Ikiendelea, rudi.

Sasa shika hili, hata miezi ijayo. Akipata homa isiyo na sababu ya wazi inayozidi siku mbili tatu, au inayokwenda na kurudi, akiwa amechoka, hali chakula vizuri, anatokwa jasho usiku, usikubali dawa ya malaria bila kipimo, na usikubali antibayotiki kabla hajachukuliwa damu ya kuotesha. Chupa hizo huchukuliwa zaidi ya mara moja. Dawa ikitangulia, bakteria hawaoti maabara, na madaktari wanatibu gizani kwa wiki nyingi. Sema mlangoni kabisa: mtoto huyu ana moyo wa tetralojia na alitolewa meno.

Kuhusu kimeo, tafadhali mama, mwambie jirani hapana. Kikohozi na kudumaa vya mtoto wa moyo vina maelezo yake tayari kwenye kadi yake. Kisu cha kukatia kimeo, sawa na spoku inayong'olea yale wanayoyaita meno ya plastiki kwa watoto wachanga, kinafungua kidonda kichafu kwa mtoto ambaye damu yake haigandi vizuri na moyo wake hauvumilii bakteria. Watoto wa moyo wanaweza kupelekwa huko, kwa sababu ndio wanaokohoa na wasionenepa.

Wakati unasubiri tarehe, matundu yasiyo na usaha yanaweza kupakwa dawa ya floraidi yenye madini ya fedha. Haihitaji kuchimba wala sindano, inasimamisha kuoza, ila inayageuza meno meusi. Kwa meno ya mbele yanayosubiri kung'olewa hilo lisikusumbue. Msugue meno wewe mwenyewe asubuhi na kabla ya kulala, dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya njegere, ateme asisuuze. Fizi kutoka damu si sababu ya kuacha, ni dalili kwamba hazisuguliwi vya kutosha. Na kama huponda propranololi ukaichanganya na asali au soda ili aimeze, kama wafanyavyo wengi, ichanganye na maji, au mpe kabla ya kupiga mswaki. Mara tatu kwa siku, miaka kadhaa, asali ile inatosha kuozesha meno ya mtoto yeyote.